Prosesa, Kadi na Mbuzi Wawili

Jumanne nilikuwa katika duka la kompyuta hapa Voi, mtoto mgongoni, nikisubiri chaja. Mbele yangu mama wa Sagalla, aliyeuza mbuzi wake wawili, alitaka kompyuta ya gemu ili vijana wa kwao wawe wakilipia kucheza.

"Pesa hii inatosha prosesa nzuri na kadi ya grafiksi dhaifu," muuzaji akamwambia, "au kadi nzuri na prosesa dhaifu."

"Gemu zitacheza?"

"Zitacheza, lakini zitakwamakwama."

"Sasa nichukue gani, mwanangu? Mbuzi sina tena."

Muuzaji akajikuna shingo. "Chukua prosesa yenye grafiksi ndani yake. Kadi utaongeza baadaye."

"Wewe kwako unatumia hiyo?"

"Mimi, mama, huchezea simu."

Mama akafunga pesa tena kwenye leso, akanigeukia. "Wewe waonaje?"

Nikajifanya kumweka mtoto vizuri mgongoni. Kila jibu nilikuwa nimeliitikia kwa kichwa, na sikuelewa hata moja.