Bwera ilikula chakula chake, yeye akajificha

Kunapambazuka Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, na moshi wa kuni unapanda kutoka kwenye kibanda cha mabati pembeni mwa soko. Mackline Mbambu ameinama juu ya sufuria kubwa, anasonga obundu, ugali wa muhogo ambao Wakonzo huula pande zote mbili za mpaka. Anageuza mwiko kwa mikono miwili. Jasho linamtiririka hadi kwenye barakoa ya kitambaa inayomfunika pua na mdomo.

Hakuna mwingine aliyevaa barakoa katika soko hili.

"Siumwi," anasema kabla hajaulizwa. "Nimezoea tu. Nikiitoa naona kama niko uchi."

Mackline ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Anapika samaki wa Ziwa Edward, maharagwe, na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Wateja wake ni wachukuzi, wauza vitenge, na wafanyabiashara wa Kongo wanaovuka mpaka kila siku ya soko. Wengi wamekula chakula chake kwa miaka. Lakini hadi Februari mwaka huu walikiita "chakula cha Shallon".

Shallon ni binti wa mdogo wake. Yeye ndiye aliyesimama sokoni, akapakua, akasifiwa. Mackline alipika nyumbani, akafunga masufuria kwa vitambaa, akamkabidhi mchukuzi na kurudi ndani.

Si kwamba alikuwa mgeni wa biashara. Kabla ya Korona alikuwa na kibanda chake karibu na mpaka, pale malori yanaposubiri kuvuka. Madereva walimjua kwa jina. Katikati ya mwaka 2020, dereva mmoja aliyezoea kula kwake alipimwa, akakutwa na ugonjwa. Wakaanza kutafutwa wote waliokaa naye karibu.

Gari lilimjia Mackline mchana, benchi zikiwa zimejaa watu. Walishuka watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwani hadi miguuni. Askari aliyekuja nao akafoka: "Wewe mama! Simama hapo! Usiguse chakula! Usisonge!"

Waliokuwa wakila waliruka. Mmoja alitema tonge mchangani. Umati ukajaa, ukasimama mbali, ukatazama.

"Nilijua naenda kufa," Mackline anasema. "Ile wakati watu walikuwa wanasema ukifa kwa Korona wanakufunga na plastiki, hata watu wako hawaoni kaburi. Basi mwili ikanikatalia. Nikajikojolea. Nilikuwa na gauni ya njano. Kila mtu aliona."

Anakoroga sombe ambayo haihitaji kukorogwa.

Katika umati ule, kijana mmoja alikuwa ameinua simu. Video ilitangulia kufika Kasese mjini kabla Mackline hajafikishwa kwenye shule ya msingi iliyogeuzwa kuwa karantini. Ilipanda hadi Kyondo, milimani, ambako mama yake aliiona kwenye simu ya muumini mwenzake.

Mackline alilala kwenye sakafu ya darasa pamoja na wanawake asiowajua, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Aliomba nguo ya kubadilisha siku ya kwanza. Akaipata baada ya siku kadhaa. Vipimo vilipokuja, hakuwa na ugonjwa wowote. Akaambiwa aende nyumbani.

"Nilitoka kwa geti peke yangu," anasema. "Hiyo hakuna mtu alipiga video."

Kibanda chake kilikuwa kimechomwa, pamoja na benchi na sahani. Hakuuliza ni nani aliyefanya hivyo. Mumewe, Masereka, ambaye hulima mpunga katika shamba la kukodi Mubuku, alikuja mara barabara zilipofunguliwa. Alileta mchele, akakaa wiki nzima, hakugusia jambo lile hata kidogo.

"Mpaka leo sijui kama aliona ile video," Mackline anasema. "Yeye hajasema. Mimi sijauliza. Tunalala kitanda kimoja na hiyo kitu iko katikati."

Korona ikaisha. Mpaka ukafunguliwa, shule zikafunguliwa, watu wakarudi kushikana mikono. Kwa Mackline mambo hayakurudi hivyo. Aliacha kwenda kanisani. Aliacha kwenda misibani, ambako zamani yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kwanza kusimamia vyungu. Akisikia jirani amefiwa, alituma kuni na kubaki nyumbani.

Mjomba aliyemlea alipozikwa Kyondo, alipanda hadi shamba la kahawa lililo juu ya boma, akajificha kati ya miti. Kutoka huko aliona jeneza likiteremshwa.

"Nililia na mkono ndani ya mdomo," anasema, "watu wa chini wasisikie."

Mwaka uliofuata mazishi hayo alianza kupika tena, kwa sharti moja: Shallon ndiye angeonekana. Binti huyo, wakati huo akiwa na miaka kumi na tisa, alikubali bila maswali. Leo anasema sifa zile zilikuwa zikimchoma. "Mtu anakwambia, 'Shallon, mkono yako ni tamu.' Unasema asante, na aliyepika anakaa kwa nyumba kama mwizi."

Mpango huo ulivunjika Februari. Shallon alikuwa mjamzito, na alishikwa na uchungu asubuhi ya siku ya soko, masufuria yakiwa tayari. Akiwa juu ya bodaboda ya kumpeleka kujifungua, aligeuka na kumwambia: "Mama mkubwa, peleka wewe. Chakula itaharibika."

Mackline alifikiria kuwapa majirani chakula chote. Alivaa barakoa, akajitanda leso kichwani, akafunga mlango na kuufungua tena. Hatimaye akafuata mchukuzi.

Sokoni alipakua kichwa kikiwa chini. Aliyemsemesha kwanza alikuwa Laurentine, mfanyabiashara wa mawese kutoka Butembo, Kongo, ambaye hukosi kumkuta hapo siku za soko.

"Shallon iko wapi?"

"Amekwenda kuzaa."

"Mungu asaidie. Na weye ni nani?"

Kabla hajajibu, mchukuzi mmoja aliyekuwa mwisho wa benchi aliacha kutafuna. Anaitwa Crispus. "Wewe si ni yule mama wa..." alisema, kisha akajizuia. Alikuwa amechelewa. Benchi nzima ilikuwa imegeuka.

Mackline alisimama na upawa mkononi. Wanaume wawili waliinuka, wakaacha samaki wao nusu, wakaondoka bila kuaga.

Laurentine hakuinuka. Alimaliza tonge, akanyoosha sahani.

"Ongeza sombe, mama," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Sisi kwetu tuliona Ebola, tukaona Korona, na vita tuko naiona mupaka leo. Kama mutu anakimbia sahani, atakulia wapi?"

Aliongezewa. Ndipo Erina, muuza samaki wa meza ya jirani, akasema jambo ambalo Mackline hakulitarajia.

"Sisi tulijua zamani. Mimi ndiye namuuzia Shallon samaki. Nani hapa hajui mkono wa Mackline?"

"Mlijua?" Mackline aliuliza. "Mbona hamkuja kuniambia?"

Erina alitazama meza yake. "Tungekuja na sura gani? Ile siku tulikuwa pale. Hakuna hata mmoja alikupatia leso ujifunike."

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea Erina, mama huyo hakutaka kuliongelea zaidi. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe alikuwa na leso mbili siku ile, moja kichwani na nyingine kiunoni.

Crispus alikubali kuzungumza akiwa amekaa juu ya mkokoteni wake, akiangalia barabara. Ndiye aliyeinua simu. Wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

"Kila mtu alikuwa anaitaka," anasema. "Nilijiona mkubwa. Nilifuta zamani, lakini nitafuta aje kwa simu za watu? Na chakula yake nimekula miaka yote hii bila kujua. Ile siku ndiyo nilijua."

Je, amemwomba msamaha? Crispus anatikisa kichwa. Amejaribu mara kadhaa, anasema. Anafika, anaagiza, anakula akiwa ameinama, analipa na kuondoka.

Mackline anafahamu yote hayo. "Najua ni yeye alipiga. Simpendi," anasema. "Lakini simpunguzii samaki."

Shallon alijifungua salama, mtoto wa kike. Aliporudi sokoni, hakurudi nyuma ya masufuria. Sasa anaosha vyombo na kupokea fedha, na anayemwita mpishi anaelekezwa kwa kidole. Wateja walipungua kwa muda; wengi wamerejea, wale wanaume wawili hawajaonekana tena. Bado kuna siku Mackline anasikia watu wakicheka mbali naye, anamwachia Shallon upawa na kwenda kukaa nyuma ya kibanda.

Wiki iliyopita akina mama wa kanisa la Kyondo walishuka Bwera, watatu, wamevaa sare zao. Walikunywa chai, wakazunguka maneno mpaka chai ikaisha. Mwisho mmoja akasema: Agosti kuna ibada ya shukrani ya mavuno ya kahawa, watu watakuja kutoka mbali, hata Bwesumbu, na wanaomba Mackline asimamie jiko.

Aliwajibu ndiyo. Walipoondoka, anasema, aliingia ndani na kutapika.

Lakini tayari ameagiza muhogo mkavu wa kusaga, na amempigia Masereka avune mpunga mapema. Jiko la kanisa lile liko uwanjani, wazi kwa kila anayeingia.

"Naogopa sana," anasema, akipangusa mikono kwenye aproni. "Nitapika vilevile. Watakaokula, wakule. Watakaokataa, wakatae wakiniangalia."