Tulimsikia, yeye hakutusikia

Shoga zangu, leo baba Time kaniita hewani na sikuweza kumjibu.

Yuko Tanga kikazi tangu nina mimba. Kaka yangu Hamadi ana mtambo wa redio wa kusemea na watu wa mbali, wakaahidiana leo baada ya alasiri. Nilitaka amsikie mwanawe Time anavyosema "baba".

Adhuhuri mvua ikatuvamia, na karafuu zimeanikwa mkekani uani.

Nikauvuta mkeka mbio, ukaung'oa waya wa redio pale chini ya mlingoti wa antena.

Nikaufunga mwenyewe, Hamadi sikumwambia.

Baada ya alasiri sauti ikaja, hafifu, lakini yake.

"Mama Time, mwanisikia?"

Nikajibu. Nikajibu tena.

"Mama Time, mpo?"

Hamadi akatoka kutazama. Nilikuwa nimeufunga ule waya kwa ukindu, kama nashona mkeka.

"Mdogo wangu, huu mlingoti au pakacha? Waya ukifungwa hivi yeye utamsikia, wewe sauti yako haifiki."

Kabla hajalifungua fundo, baba Time akaaga. "Basi, labda Ijumaa."

Ndipo Time akaigusa redio, akasema, wazi kabisa, "Baba."

Mwenye risasi ya kulehemia, niazimeni. Ijumaa si mbali.