Walipokuta Kamba Mlangoni Mwangu

Mwanangu wa kwanza alipiga yowe asubuhi ile mpaka jirani akatoka mbio na povu la sabuni mikononi.

"Mama kajinyonga! Jamani, mama!"

Mimi nilikuwa bafuni, naoga zangu.

Nikajifunga taulo nikatoka. Nikamkuta mlangoni mwa chumba changu, kashika kichwa. Juu ya mlango inaning'inia kamba. Chini yake kuna kigoda.

"Aliyejinyonga ni nani?" nikauliza.

Akageuka, akaniona, akakaa chini puu! Jirani alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, maana nilijua kimenuka. Ile kamba ilikuwa siri yangu.

Mimi ni fundi mapazia. Kushona nashona mwenyewe, kutundika natundika mwenyewe. Nimepanda ngazi kwenye nyumba za watu tangu wanangu wananyonya. Ada zao zote zilitoka juu ya ngazi hiyo.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa katibu wa chama cha mafundi. Akaihamishia nyumbani sheria ya chamani: jambo kubwa la familia hupigiwa kura kwa mkono wa kulia, na mkono usiopita sikio hauhesabiwi. Alikuwa akisema mkono wa nusu ni wa mtu asiyejua anachotaka. Yeye akaenda, sheria ikabaki.

Basi uzeeni bega langu la kulia likaganda.

Lilianza kidogo kidogo, nikadhani nimelilalia vibaya. Mwisho ikawa siwezi kuchana nywele wala kufunga sidiria. Daktari akapiga picha, akasema mfupa ni mzima, bega ndilo limekakamaa, nenda kwa watu wa mazoezi.

Wanangu walisikia "limekakamaa" tu. Hayo mengine yakapita hewani. Wakaitisha kikao: ngazi iuzwe.

Nikapinga. Nikanyoosha mkono wangu. Ukaishia kifuani.

"Haujapita sikio," akasema shemeji, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye mwenyekiti wa vikao vyetu.

Mwanangu wa pili akacheka chini chini. Ngazi ikaondoka na mnunuzi mchana uleule.

Niliumia. Sitaficha, nililia chooni. Halafu nikanawa uso nikaapa kwamba mkono huu utapita sikio, na hao hao watauhesabu.

Kliniki nikamkuta binti wa mazoezi, mwembamba, sauti ya upole. Msidanganyike na ile sauti. Mimi nilimpa jina la Askari Jela.

"Bibi, inama kidogo. Acha mkono uning'inie, uzungushe taratibu, kama unakoroga sufuria."

"Nimelipa nauli kuja kukoroga hewa?"

"Ndiyo, bibi. Na kesho utakoroga tena nyumbani."

Akanifundisha kutembeza vidole ukutani, kupanda kidogo kidogo. Nyumbani nikawa naweka alama kwa chaki ya kukatia nguo pale vidole vilipofika. Akanifundisha kushika taulo nyuma ya mgongo, mkono wa juu uuvute wa chini. Siku nyingine nilimtukana kimoyomoyo, Mwenyezi Mungu anisamehe.

"Maumivu ya kuvuta, vumilia," alikuwa akisema. "Ya kuchoma, acha hapo hapo unipigie simu."

Tena mjanja yule! Nilikuwa nikiegemeza kiwiliwili upande ili mkono uonekane umepanda.

"Bibi, huo si mkono. Huo ni mgongo unadanganya."

Ndipo akanieleza habari ya kamba. Ipite kwenye kigurudumu juu ya mlango, nikae chini yake, mkono mzima uvute, mgonjwa upande.

Kigurudumu? Mimi? Nina kopo zima la vigurudumu vya reli za mapazia! Nikakifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Kila asubuhi nikawa nakaa kwenye kigoda, najivuta mkono juu na chini, kama pazia la ukumbi. Sikumwambia mtu. Ningewaambia, wangepigia kura na kamba.

Sasa turudi kwa mwanangu pale sakafuni.

Hofu ilipomtoka, hasira ikaingia. "Mama, hii ni nini?"

"Mazoezi."

"Kamba! Kwa umri wako?"

Akamwambia jirani apande kigoda aifungue. Hapo nilishangaa kidogo. Jirani ni mfupi, na mwanangu ni mrefu wa kufuta utando darini bila fagio. Nikajisemea, miguu bado inamtetemeka.

Jumapili yake, kikao. Safari hii haikuwa ngazi. Chumba changu cha kushonea kifungwe, cherehani iuzwe, nihamie kwa mwanangu wa kwanza.

"Chumba kipo, mama. Utapumzika," akasema.

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Utakaa tu, usifanye kitu."

"Nikae kabatini kama sahani za wageni?"

Kitinda mimba wangu, binti pekee, akadakia, "Si mumuulize yeye anataka nini?"

"Wewe nyamaza," akasema kaka yake mkubwa. "Tupige kura."

Nikishindwa hapa, nimekwisha. Kazi ndiyo hiyo, na mwenye kazi ndiye mimi.

"Wanaotaka mama ahame," akasema shemeji.

Wa pili akanyoosha, juu kabisa. Wa kwanza naye akanyoosha.

Mkono ukafika kidevuni, ukasimama.

Akaukazania. Jasho likamtoka. Kisha nikamwona anaegemeza kiwiliwili upande, taratibu, kama mtu anayejiweka sawa kitini. Nikaduwaa. Mchezo ule naujua mimi na Askari Jela tu.

Shemeji akamtazama juu ya miwani. "Haujapita sikio."

"Baba mdogo, si unaona nimenyoosha?"

"Sheria ni ya baba yako. Haya, wanaokataa."

Binti yangu akanyoosha. Nami nikaanza kuupandisha wangu. Ulipita kidevu. Ulivuta, nikajikaza kisabuni. Ulipita sikio. Nikaendelea, mpaka kiwiko kikanyooka, nikauacha huko huko.

"Shusha, shemeji, tumeuona."

"Sishushi. Hesabu kwanza."

Akahesabu. Wawili kwa mmoja. Mwanangu wa pili hakucheka.

Watu walipoondoka, wa kwanza alibaki ameinama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Miezi, mama. Shati ananivalisha mke wangu."

"Na bega lako hilo hilo ndilo lililotaka kunifungia kazi?"

Machozi yakamtoka, mtu mzima mwenye mvi. "Niliogopa. Nilisema, kama langu limekufa na umri huu, lako litakuwaje? Kila nikifumba macho nakuona unaanguka."

Nilitaka kumchapa, nikataka kumkumbatia. Nikaanza na kumgombeza, maana alistahili. Kisha nikachukua kamba, nikapanda kigoda, nikaifunga tena kwa mkono wangu wa kulia.

"Kesho unaenda kliniki, ukapigwe picha bega hilo. Mtaalamu akikubali, njoo ukae hapa."

Alienda. Siku hizi hupitia kwangu asubuhi kabla ya ofisi, anavuta kamba huku mimi nashona. Kelele anazopiga, jirani anazisikia vizuri tu, wala hatoki tena.

Ngazi mpya kainunua yeye. Ni fupi kuliko ile ya zamani, na hilo nimekubali, maana mimi ni mkaidi lakini si mjinga. Bega halijarudi kama la msichana. Siku za baridi linanikumbusha. Lakini wiki iliyopita nimetundika mapazia sebule nzima, na mwenye nyumba hakunishikia hata pini.

Basi wewe unayesoma hapa, mwenye mama au baba anayesema bado naweza, usiwe na haraka ya kumwekea kiti cha kupumzikia. Nenda pembeni kwanza, unyooshe mkono wako. Ukipita sikio, ndiyo uje tuzungumze.