Kifuniko cha Mashine ya Mzee Iliasi

Mzee Iliasi ni jirani yangu hapa Kasongo, ukuta kwa ukuta. Mimi nauza sabuni na mawese, yeye anawaandikia watu barua na makaratasi ya ofisi kwa kompyuta ya kukunja. Ni mpole lakini mbishi, ubishi ule wa mtu anayepiga pasi shati la kukaa nalo nyumbani. Tangu mkewe Amisa afariki, na binti yao wa pekee, Safia, aende Lubumbashi kusomea uuguzi, nyumba ile haina sauti ila ya mashine. Nikisikia vibonyezo vinalia najua jirani yuko. Visipolia, nakwenda kubisha hodi.

Mashine yenyewe ni kilema. Alikuwa akitoka nayo Kabambare nyuma ya pikipiki, matope yakawaangusha. Mzee alichubuka goti, mashine ikapasuka skrini. Kingine chote kilipona. Gaston, fundi wetu wa simu na sola, akamletea televisheni ndogo inayokula moja kwa moja kwenye betri kubwa ya sola, akaiunga kwa waya pamoja na kibodi na kipanya vya pembeni, maandishi yakatokea huko.

Lakini tabu ikaanza. Kifuniko kikiwa wazi, mashine ilishikilia kwamba skrini yake iliyokufa ndiyo mwenye nyumba. Kila ulichofungua kilikwenda huko gizani, na televisheni ikabaki na rangi yake ya buluu. Ukifunga kifuniko ili mambo yahamie kwenye televisheni, mashine inalala hapohapo.

“Mama Yvette,” aliniambia, “hii kitu iko na usingizi kupita mulinzi wa soko.”

Gaston akarudi, akaingia ndani ya mashine hadi pale inapoulizwa ifanye nini kifuniko kikifungwa. Akachagua maneno ya Kifaransa, *ne rien faire*, yaani usifanye kitu. Palikuwa na mistari miwili, mmoja wa wakati mashine inakula umeme, mwingine wa wakati inaishi kwa akiba yake ya ndani. Gaston akabadilisha ule wa umeme, simu yake ikalia, akapanda pikipiki kwenda Salamabila, kwenye dhahabu, ambako mafundi hulipwa vizuri. Mstari wa pili ukabaki kama ulivyokuwa. Mzee aliligundua hilo siku moja ya mawingu, sola ilipochoka katikati ya barua ya mteja. Mashine ilikuwa imefungwa, ikalala. Akasema atamngoja Gaston. Ngojangoja huumiza matumbo, nilimwambia, naye akacheka.

Kisha Safia akapata mchumba, kijana aitwaye Amani, na siku ya ndoa ikapangwa. Lubumbashi ni mbali, na magoti ya Mzee hayawezi tena njia zetu. Shemeji yake aliye huko akajitolea kuwa wakili, amwozeshe Safia kwa niaba ya baba. Watu wengi hufanya hivyo na hakuna aibu. Mzee akakataa katakata.

“Asiyekuwepo na lake halipo,” alisema. “Mutoto yangu nitamuozesha kwa kinywa yangu, na nitamuona kwa macho yangu.”

Wakakubaliana iwe kwa WhatsApp, kwenye ile televisheni, Safia aonekane mkubwa kana kwamba ameketi barazani. Wiki nzima Mzee alijaribu sauti. Ya picha hakujaribu, mega za intaneti zinakula pesa.

Wazee wa msikiti walitaka kuja kukaa naye. Akawaambia waje baadaye, kwenye wali. Mimi najua sababu: hakutaka waone machozi. Lakini asubuhi ile aliniita mimi. “Kuja ukae hapa mulangoni, Mama Yvette. Mutu hawezi kuozesha mutoto peke yake.” Alivaa kanzu na kofia nyeupe, akajipaka marashi. Marashi, kwa ajili ya televisheni! Nikataka kumtania, nikaketi tu mlangoni.

Simu ikaingia. Televisheni ikaonyesha mkeka, wanaume na shehe wao. Mzee akatoa salamu, wakaitika, wakatazamana.

“Baba Safia, tunakusikia,” shehe alisema, “lakini iko giza tu. Kamera yako iko wapi?”

Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Kamera ilikuwa ndani ya kifuniko, na kifuniko kilikuwa kimefungwa. Hata Gaston hakuliwaza hilo.

“Tunapenda kumuona baba mwenye kutoa,” shehe akasema kwa upole.

Mzee akafungua kifuniko. Huko wakashangilia, “Ndiye huyu!” Hapa televisheni ikabaki buluu tupu, kila kitu kimehamia kwenye skrini iliyokufa. Mzee akaketi wima mbele ya kioo cheusi. “Amani, nimekuozesha binti yangu Safia kwa mahari mliyopatana.” Sauti ya kijana ikajibu, “Nimekubali.” Vigelegele vikalipuka kutoka ndani ya mashine. Mimi nikavipokea kule mlangoni, Mkristo mimi, nikapiga hadi kuku wakakimbia.

Halafu mbingu ikafunga. Kisanduku kinachogeuza umeme wa sola kuwa wa mashine kikalia mara mbili, kikanyamaza. Televisheni iliendelea kuwaka na buluu yake, lakini mashine sasa iliishi kwa akiba yake.

“Baba! Ni mimi. Wameniletea simu.”

Mkono wa Mzee ulikwenda kwenye kifuniko. Umeme ungekuwepo, angekifunga tu na Safia angetokea pale mbele yetu. Lakini umeme haukuwepo. Angekifunga, kwa ule mstari ambao Gaston hakuugusa mashine ingelala na kumkata mtoto katikati ya furaha yake. Nikauona ule mkono ukisimama hewani, ukarudi, ukatulia juu ya goti.

“Baba, unaniona?”

“Nakuona, mutoto yangu.”

“Nimevaa shela ya mama.”

“Nimeiona. Imekukaa muzuri.” Akaweka kofia yake sawa. “Geuka kidogo, nione nyuma.”

Tukasikia kitambaa kikichakarika na wanawake wakicheka. Kwenye kioo cheusi mlikuwa na mzee mwenye kofia nyeupe, akitabasamu ili aonekane anatabasamu. “Kama mama yako,” alisema. “Kama mama yako kabisa.” Nilitoka nje, nikajifanya naangalia mvua.

Gaston alirudi baada ya wiki, akabadilisha na ule mstari wa pili. Haikumchukua hata muda wa kumaliza kikombe cha chai, na chai nilimpa mimi, kwa hasira. Sasa mashine hailali, umeme uwepo usiwepo.

Safia alituma picha. Mzee alifunga kifuniko, akazifungua kwenye televisheni, akaniita tutazame. Bibi harusi kasimama, shela ya Amisa yenye nakshi ya kijani begani. Nilimsifu, nikaaga, maana duka lilikuwa wazi. Nilikuwa bado uani nilipomsikia. Alidhani nimeshafika kwangu.

“Geuka kidogo,” alikuwa akiiambia ile picha. “Geuka, mutoto yangu.”