Homa ya Fundi wa Kanyenye

Miaka ya mwisho ya Waingereza nilikuwa nesi katika hospitali moja ya Tabora, kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa wa ghafla. Watu hudhani kazi ile ilinichosha kwa sababu ya damu. Damu haikunisumbua. Walionichosha ni wagonjwa waliokuja kutibiwa huku wamekwisha kuamua kwamba nisijue wanaumwa nini.

Asubuhi moja aliletwa fundi cherehani wa Kanyenye, mtu mzima mwenye heshima zake, amekaa upande nyuma ya baiskeli ya jirani. Mkewe alifuata kwa miguu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Ni homa, mwanangu. Nipe kwinini niende zangu, nimeacha nguo za watu mezani."

Nikamgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi, jasho linamtiririka. Kipimajoto hakikuonyesha homa yoyote. Alipotapika kwenye beseni, yalitoka matapishi ya kijani.

"Umeanza lini kutapika, mzee?"

"Ni hii homa."

"Tumbo linauma?"

"Kichwa."

"Choo umepata lini?"

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Wewe ni sawa na binti yangu. Maswali gani hayo?"

Nikamgeukia mkewe, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akiangalia sakafu. "Muulize mwenyewe," akasema, akavuta baibui lake.

Tumbo ilikuwa lazima nilishike. Lakini kila nilipogusa shuka alilojifunga kiunoni, alilikamata kwa mikono miwili. Nikamwita dresa, yule mfunga vidonda wetu, mwanamume mwenzake, nikidhani tatizo limekwisha. Fundi alipomwona akageuza uso ukutani: walikuwa wakiswali msikiti mmoja. Basi tukamtoboa kidole, tukaipeleka damu kwenye darubini, tukasubiri. Malaria hakuna. Saa nzima ikapotea hivyo, midomo inazidi kumsawijika, na bado anadai kwinini yake.

Hapo nikakasirika. Nyumbani kwetu, familia ya Kimoraviani, nililelewa nisiinue sauti mbele ya wakubwa. Siku hiyo nilimshika yule mama mkono, nikamtoa hadi barazani. "Mama, mumeo anakufa, na mimi sina la kumwambia daktari. Unataka kurudi Kanyenye na maiti?"

Alilia kwanza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ana mshipa. Anao tangu anioe. Huwa unashuka kinenani, naye anaurudisha kwa mkono. Tangu jana umegoma kurudi. Ameniapisha nisimwambie mtu."

Ngiri iliyobana. Utumbo ulikuwa umenaswa, na kila dakika tuliyopoteza ulikuwa ukikaribia kuoza. Ningeligundua jambo hilo mara moja kama angeliachia lile shuka. Nikakimbia kumwita daktari, Mzungu. Nilitegemea ugomvi mwingine, lakini mimi na dresa tulipotoka tu, fundi alilifungua shuka mwenyewe. Mkewe alinieleza baadaye kwamba Mzungu hakuwa na mtu wa kumsimulia habari hizo Kanyenye.

Alipasuliwa kabla ya adhuhuri, utumbo ukakutwa bado mzima. Nilifurahi, sikatai, ila nilifurahi huku nimekunja uso.

Siku ya tatu nilipita wodini nikamkuta amezungukwa na wageni, anawaeleza jinsi homa ilivyomshukia tumboni hadi ikabidi itolewe kwa kisu. Aliponiona akasema, "Muulizeni nesi huyu."

Wote wakanigeukia.

"Ilikuwa homa kali," nikasema, nikaondoka upesi, maana maneno mengine yalikuwa yamenifika kooni.

Wiki iliyofuata akaja mwanamume kutoka Mtendeni, meno yanagongana, anatetemeka kwa malaria ya kweli kabisa. Nikamuuliza anasikia nini. Akasema hana baridi, hana homa, na kichwa hakimuumi hata kidogo. Ni goti tu.

"Na huku kutetemeka?"

"Ndiyo goti lenyewe."

Nikamuuliza kama anamjua fundi mmoja wa Kanyenye. Akakiri kwamba alikwenda kumjulia hali, na kwamba kisu hakitaki. Siri ya fundi sikuweza kuitoa, kwa hiyo nikabaki kumwapia yule bwana, mara tatu, kwamba homa yake yeye ni ya vidonge.