Mwalimu Aliyetaka Kuzikwa Bila Watu

Jumanne iliyopita tulimpoteza mwalimu wa fasihi ya Marekani, mtu wa Tanga aliyefundisha chuoni Braamfontein, huku ugenini kusini mwa Afrika, na kuishi peke yake katika fleti ya Doornfontein. Hakuwa na rafiki, na alijivunia hilo. Mimi niliyeishia darasa la saba nilihudhuria masomo yake ya Jumamosi, yaliyokuwa wazi kwa yeyote. Nimemlia. Lakini alichokifundisha sikukiheshimu alipokuwa hai, na leo sitajifanya nakiheshimu.

Alitueleza kwamba Wamarekani walianza kwa kuandika mahubiri, wakaingia katika hoja na siasa, kisha wakachoka na akili wakaanza kutukuza hisia, misitu na mtu mmoja anayejitosha, kama yule mwandishi aliyejijengea kibanda msituni akaishi peke yake. Kipindi hicho wasomi wetu hukiita ulimbwende. Baada ya vita vyao wenyewe kwa wenyewe wakaja wahalisia, walioandika habari za jikoni na viwandani. Hao aliwapita haraka kama anayepita jalalani. Siku moja mama wa Lubumbashi, anayesuka nywele chini ya fleti yake, alimuuliza, “Mwalimu, ule mutu wa pori, nani alikuwa anamufulia manguo?” Tulicheka. Yeye akajibu, “Mama, hilo si swali la fasihi.” Mama huyo huyo ndiye aliyempelekea chakula kila alipougua. Mwalimu alipokea sahani mlangoni, akafunga mlango. Ulimbwende wenyewe ndio huo: mtu anakula kutoka mkononi mwa mwenzake, kisha anasimulia jinsi alivyoishi peke yake.

Chama chetu cha kuzikana, cha wasemaji wa Kiswahili wa mji huu, alikikataa. Alimwambia mwenyekiti kwamba sisi ni kondoo tunaoogopa kufa mmoja mmoja. Kwa hiyo alipofariki, haikujulikana nani atamzika. Wahadhiri wenzake wawili, Wakenya, walikuja Jeppestown, kwenye karakana ambako mwenyekiti hutengeneza friji. Mmoja akasema marehemu alitaka alazwe vilimani nje ya mji, bila msafara, bila watu.

“Peke yake?” mwenyekiti akauliza.

“Ndiyo, mzee.”

“Na kaburi atalichimba mwenyewe?”

 Wahadhiri hawakujua hata kama marehemu ana ndugu. Upweke wake waliupenda kama pambo la ukutani.

“Eish, mzee,” mwanachama mmoja akasema, “huyu alitutukana. Tumwache na misitu yake.”

“Alinitukana mimi kuliko wewe,” mwenyekiti akasema, akifuta grisi mikononi. “Maiti haioshwi kwa sababu ilikuwa na adabu. Nendeni mkalete sanda.”

Wanaofundisha kwamba mtu anajitosha wangepaswa kwanza kubeba jeneza, wajue uzito wake. Tulimwosha, tukamswalia, tukamlaza katika mstari mmoja na maiti wengine wa mji huu. Mwenyekiti akamkabidhi chepe yule mhadhiri wa vilimani. Alitupia udongo mara chache, akaanza kuhema, akageuka kutafuta wa kumpokea. Nikampokea.