Mlango Usiotaka Kugongwa

Usiku ule mama hakupata hata lepe la usingizi. Masikio yake yalikuwa chumba cha pili, ambako mwanga wa kompyuta ulipenya chini ya mlango. Bintiye alisubiri jibu la duka la michezo ya mtandaoni. Alikuwa ametengeneza mchezo wake wa kwanza, na walishaafikiana: duka likiukataa, Jumatatu anakwenda kuuza rangi na misumari dukani kwa shangazi yake.

Mama akanyanyuka, akagonga. "Wamejibu?"

"Bado, mama."

Hata shuka halijapata joto, akarudi. "Na sasa je?"

"Mama! Wakikubali si utasikia nikipiga kelele?"

Kelele hazikusikika. Asubuhi alimkuta jikoni, macho mekundu kama aliyemenya gunia la vitunguu.

"Wameukataa. Eti umeganda pale mlangoni."

Mama akashusha pumzi. Mlango ule aliujua. Mchezo unaanza na mwanamke mfupi, kilemba cha kijani kichwani, amesimama nje ya chumba. Ukibonyeza, anagonga. Ukizidi kubonyeza, aliye ndani anazidi kunyamaza. Mpaka uondoe kidole, utulie, ndipo mlango unafunguka. Mama mwenyewe alibonyeza mpaka simu ikapata moto, akasema kitu kibovu hiki.

"Si umfungulie tu akigonga?"

"Hapo ndipo mchezo wenyewe ulipo, mama."

"Kwani huyo mkaguzi wa duka hana macho?"

Binti akacheka cheko la uchovu. "Anayo, yamechoka. Kutwa anamwagiwa takataka: mchezo wa mwenzio umepakwa rangi ukaitwa mpya, mwingine ukiufungua unazima. Wanunuzi wamelalamika duka limekuwa jaa, sasa wanachuja kwa pupa."

Hilo mama alilielewa. Yeye huuza mitumba, na akichambua robota, akifika katikati, mgongo ukiwaka, hata gauni zuri hulirusha kwenye matambara.

"Basi andika pale mwanzo, mtu asubiri."

"Nikiandika nimeuua!" Binti akasukuma kiti, akajifungia chumbani.

Mama nyuma yake, kikombe cha chai mkononi. Akagonga. Kimya. "Mwanangu, hata chai?" Kimya. Akainua mkono tena, mkono ukabaki hewani. Rangi ya mlango ilikuwa imebanduka pale pale vidole vyake vinapogonga kila siku. Akajishika kichwani. Kilemba kile kile, cha kijani.

"Kumbe ni mimi," akanong'ona. "Mtoto huyu!"

Akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Akataka kuuliza kama amelia, akameza. Akataka kusema shangazi si mtu mbaya. Akameza na hilo. Chai ikapoa mkononi, kope zikaanza kumlemea.

Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka nusu, binti akachungulia.

"Uko hapo muda wote?"

"Sijagonga."

"Nimesikia." Binti akaketi kando yake, akainywa ile chai ya baridi. "Nimemwandikia mkaguzi barua. Nimemwambia akifika mlangoni aweke simu chini, apumzike. Mchezo sijaugusa. Nimeutuma upya."

Mama alifungua kinywa kuuliza watajibu lini, akakifunga.

"Na shangazi yako?" akasema mwishowe.

"Mwambie naye asubiri kidogo."

Mlango wakauacha wazi.